Muulize daktari: "Upasuaji huu umeufanya mara ngapi?"

Mama mmoja kutoka Migato, huku kwetu Simiyu, alinivuta mkono kwenye korido ya hospitali akiwa ameshika barua ya rufaa ya binti yake. Alitazama kushoto na kulia, kisha akaninong'oneza: "Daktari, nikuulize kitu, ila usinione mkorofi. Huyo atakayempasua mwanangu, ameshawapasua wangapi?"

Nilimwambia swali hilo halina ukorofi wowote. Ni miongoni mwa maswali ya maana zaidi ambayo mzazi anaweza kuuliza, na wengi wetu tunalimeza kwa aibu. Leo nataka tulizungumze, kwa sababu upo ugonjwa mmoja unaoonyesha wazi kuliko mengine mengi jinsi uzoefu wa mikono ya daktari unavyobadilisha maisha ya mgonjwa. Ni uvimbe wa tezi ya pituitari, ambao siku hizi hutolewa kwa kupitia puani.

Familia ya binti huyo imeniruhusu kusimulia. Nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike.

Tezi ndogo yenye kazi kubwa

Chukua punje moja ya dengu. Ukubwa wake unakaribiana na wa tezi ya pituitari. Tezi hii inaning'inia chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi. Ndiyo inayozipa amri tezi nyingine mwilini: inahusika na kukua kwa mtoto, hedhi, mbegu za kiume, maziwa ya mama, namna mwili unavyokabili ugonjwa na njaa, hata kiasi cha mkojo unachotoa.

Wakati mwingine seli za tezi hii huota na kufanya uvimbe. Nyingi ya vimbe hizi si saratani. Lakini zimeota mahali pabaya. Juu tu ya tezi inapita mishipa ya fahamu ya macho, na kila upande upo mshipa mkubwa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo. Uvimbe ukikua kwenda juu, unabana mishipa ya macho na mtu anaanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni. Anaona kilicho mbele yake, lakini haoni pikipiki inayotokea kando.

Vimbe nyingine humwaga homoni kupita kiasi. Mwanamke ambaye hanyonyeshi anatokwa na maziwa na hedhi inakatika. Mtu mzima anaona viatu na pete alivyovaa miaka yote havimwingii tena, taya linatokeza na sauti inakuwa nzito. Mwingine uso unakuwa wa duara, tumbo linajaa, ngozi inachanika michirizi ya zambarau na presha inapanda. Kwa mtoto, dalili ya kutilia shaka ni hii: ananenepa, lakini urefu umesimama.

Binti wa Migato alikuwa na miaka 17. Kichwa kilimuuma kwa muda mrefu. Mdogo wake wa miaka 14 alishampita kimo. Hedhi ilikuwa haijaanza. Na nyumbani walianza kumwita mzembe, kwa sababu alikuwa akigonga fremu za milango na kukanyaga sufuria zilizowekwa pembeni.

Kosa langu mimi

Hapa sina budi kukiri. Mara ya kwanza kumwona binti huyu ilikuwa miezi tisa kabla ya ile siku ya korido. Tulikuwa kwenye huduma za mkoba, foleni ndefu, jua kali. Nilimsikiliza kichwa kinavyomuuma, nikampima presha, nikamsimamisha mbele ya chati ya herufi asome. Alisoma vizuri. Nikampa dawa ya kipandauso na kumtakia masomo mema.

Chati ya herufi inapima kuona kwa mbele tu. Sikupima pembeni. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine, na wewe mzazi unaweza kukifanya leo jioni. Keti mkitazamana na mtoto, magoti karibu yagusane. Mwambie afunike jicho moja kwa kiganja na akutazame puani bila kuhamisha jicho. Nyosha mkono wako pembeni, chezesha kidole, ukisogeze taratibu kutoka nje kuja katikati. Aseme mara tu anapokiona. Rudia upande wa pili, kisha jicho la pili. Kama kidole unakiona wewe mapema na yeye hakioni mpaka kimefika karibu na uso wake, mpeleke hospitali. Hali hiyo haitibiwi kwa miwani.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani kwa miaka mingi, lakini wagonjwa wa pituitari niliokuwa nimewaona hadi siku ile walikuwa wachache mno. Jicho langu lilikuwa halijazoea. Leo hakuna kijana anayelalamika kichwa kwa muda mrefu anayetoka chumbani kwangu bila kuona kidole changu kikicheza pembeni. Nimejifunza, lakini aliyelipa karo ni binti wa watu. Kumbuka jambo hili tunapoendelea, kwa sababu ndilo kiini cha makala ya leo: tabibu hujifunza kwa wagonjwa, na kazi yetu ni kuhakikisha mgonjwa haumii kwa sababu tabibu anajifunza.

Si kila uvimbe hupasuliwa

Kabla hatujaingia chumba cha upasuaji, jambo moja. Uvimbe unaotoa homoni ya maziwa, ambao ndio unaoonekana mara nyingi zaidi kati ya vile vinavyomwaga homoni, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa vidonge, na wagonjwa wengi uvimbe wao husinyaa bila kisu. Ndiyo maana lazima kipimo cha damu cha homoni kifanyike kabla ya kupanga upasuaji. Vimbe ndogo zisizotoa homoni wala kubana kitu zinaweza kuangaliwa tu kwa picha za MRI kila baada ya muda. Ukiambiwa upasuaji kabla hujapimwa homoni, uliza kwa nini.

Binti yetu alipimwa. Uvimbe wake haukuwa wa aina inayosinyaa kwa vidonge, ulikuwa umefika karibu sentimita tatu, na ulikuwa umeshainua mishipa ya macho. Hapo upasuaji haukuwa jambo la kuchagua.

Kwa nini kupitia puani?

Wazee wetu wakisikia mtu anapasuliwa ubongo kwa kupitia puani wanashtuka, wanadhani ubongo utavutwa nje. Hapana. Pua ndiyo njia fupi ya kufika kwenye tezi hii bila kugusa ubongo. Daktari anapitisha kwenye tundu la pua mrija mwembamba wenye taa na kamera, unaoitwa endoskopu. Picha inaonekana kwenye runinga. Kwa vyombo vyembamba anafungua mfupa ulio nyuma ya pua, ambao ndani yake una uwazi wa hewa, anatoboa sakafu ya kile kishimo, anachana utando na kuchota uvimbe kidogokidogo. Mwisho anaziba tundu, mara nyingi kwa kipande cha ngozi laini ya ndani ya pua au mafuta kidogo yaliyochukuliwa kwenye paja au tumbo. Usoni hakubaki kovu.

Ukielezwa hivi unaona ni rahisi. Ugumu uko hapa: daktari anafanya kazi kwenye shimo jembamba, hatazami mikono yake bali runinga, na kwenye runinga nyingi picha ni bapa, haina kina. Anatakiwa ajue kwa hisia ya mkono kwamba chombo kimeingia milimita ngapi. Kulia na kushoto kuna mshipa mkubwa wa damu. Juu kuna macho. Uvimbe na tezi nzima vinaweza kufanana rangi. Akichota kidogo mno, uvimbe unabaki na kuota tena. Akichota kupita kiasi, anaondoa tezi iliyo hai na mgonjwa anameza homoni maisha yake yote, au maji ya ubongo yanaanza kuvuja puani na kufungulia mlango homa ya uti wa mgongo.

Kazi ya namna hii haisomwi kitabuni ikatosha. Mkono hujifunza kwa kurudia.

Mtaro wa kwanza haunyooki

Anayelima kwa plau huku kwetu anaelewa. Kijana akishika plau siku ya kwanza, mtaro unakwenda kama nyoka, ng'ombe wanachoka na shamba linabaki na mabaka. Baba yake akitembea kando, akimwonyesha namna ya kukandamiza mikono na lini amsemeshe ng'ombe wa kulia, baada ya misimu michache mtaro unanyooka wenyewe. Kijana hawezi kukueleza kwa maneno alichojifunza. Mikono yake inajua.

Nami nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, upasuaji wangu wa kwanza wa kumtoa mtoto tumboni ulichukua karibu saa mbili. Bingwa alisimama mkabala nami muda wote, na mara mbili alinishika mkono bila kusema neno. Miezi michache baadaye nilikuwa natumia nusu ya muda ule, na damu iliyopotea ilikuwa kidogo zaidi. Vitabu nilivyosoma vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni idadi.

Takwimu zinasema nini?

Kwa upasuaji wa pituitari, jambo hili limepimwa. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa kwa kuwauliza madaktari wa upasuaji wa ubongo 958 nchini Marekani kuhusu upasuaji wa tezi hii kwa njia ya puani. Waligawanywa katika makundi matatu: waliofanya chini ya mara 200, waliofanya kati ya 200 na 500, na waliozidi 500.

Kwa kundi la kwanza, walikufa wagonjwa wapatao 12 katika kila 1,000. Kundi la kati, 6. Kundi la tatu, 2. Maji ya ubongo yalivuja kwa wagonjwa wapatao 42 katika kila 1,000 kwenye kundi la kwanza, 28 kwenye la kati na 15 kwenye la tatu. Madhara mengine nayo, yakiwemo kupoteza uwezo wa kuona na tezi kushindwa kufanya kazi, yalipungua kadiri uzoefu ulivyoongezeka.

Ziangalie namba hizi kwa utulivu. Kwanza, hata kwa wenye uzoefu mdogo, wagonjwa walio wengi sana walipona bila kufa. Upasuaji huu si hukumu ya kifo. Pili, hizi ni hesabu walizotoa madaktari wenyewe, nazo ni za Marekani ya zaidi ya robo karne iliyopita. Lakini mwelekeo wake umeonekana tena na tena. Utafiti mwingine wa Marekani, ulioangalia upasuaji 5,497 uliofanywa katika hospitali 538 kati ya mwaka 1996 na 2000, ulikuta hali hiyohiyo: hospitali na madaktari wanaofanya upasuaji huu mara nyingi ndio wenye matokeo mazuri zaidi.

Na kwa endoskopu hasa? Mwaka 2010 madaktari wa Manchester, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa wao 125 tangu walipoanza kutumia kamera hii. Waliwalinganisha wagonjwa 53 wa mwanzo na 72 waliofuata. Muda wa upasuaji kwa vimbe zisizotoa homoni ulishuka kutoka dakika 120 hadi 91. Kati ya waliokuwa wamepungukiwa na uwezo wa kuona pembeni, waliopata nafuu walipanda kutoka 80 katika kila 100 hadi 93. Timu ilikuwa moja. Kilichoongezeka ni uzoefu.

Binafsi nawaheshimu sana watu wa aina hii. Kuweka hadharani kwamba wagonjwa wako wa mwanzo walipata matokeo hafifu kuliko wa baadaye kunahitaji ujasiri. Lakini bila hesabu hiyo hakuna anayejua kama anaboreka.

Si mikono peke yake

Usidhani siri yote iko kwenye vidole vya mtu mmoja. Daktari aliyezoea anajua pia nani asimpasue, lini aache kuchota, na afanye nini damu ikifoka ghafla. Zaidi ya hapo, upasuaji huu ni wa timu. Bingwa wa ubongo mara nyingi hufanya kazi bega kwa bega na bingwa wa pua, koo na masikio, ambaye njia ya puani ndiyo nyumbani kwake. Yupo daktari wa usingizi. Yupo muuguzi wa wodini anayepima mkojo kila saa na kugundua usiku wa manane kwamba mgonjwa anakojoa kupita kiasi. Yupo daktari wa homoni na wataalamu wa maabara. Timu ikikutana na wagonjwa kumi kwa mwaka inazoeana. Ikikutana na mmoja kila baada ya miaka miwili, kila mara inaanza upya.

Ndiyo maana nchi nyingi hukusanya wagonjwa wa ugonjwa huu katika hospitali chache. Usione unasumbuliwa ukiambiwa usafiri. Hapa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndiyo yenye wataalamu wengi zaidi wa upasuaji wa ubongo, na upasuaji wa kupitia puani unafanyika pale. Miaka ya nyuma mgonjwa wa namna hii alikuwa akitafuta nauli ya India.

Basi nani awe mgonjwa wa kwanza?

Msomaji makini atauliza: kama kila mmoja atamkimbilia aliyezoea, vijana watajifunzia kwa nani? Na huyo aliyezoea akistaafu?

Jibu liko kwenye historia ya upasuaji huu wenyewe. Mwaka 1907, huko Innsbruck, Austria, Hermann Schloffer alikuwa wa kwanza kuufikia uvimbe wa pituitari kwa kupitia njia ya pua. Marekani, Harvey Cushing alipasua hivyo wagonjwa 231 kati ya mwaka 1910 na 1925, na katika kila 100 walikufa kati ya watano na sita, enzi ambazo hakukuwa na antibayotiki. Baadaye Cushing aliiacha njia hii, na wengi duniani wakaiacha pamoja naye. Ingeweza kufa kabisa. Lakini Norman Dott wa Edinburgh alikuwa amejifunza kwa Cushing, akaendelea nayo. Miaka ya 1950 Mfaransa Gérard Guiot akajifunza kwa Dott. Jules Hardy wa Montréal akajifunza kwa Guiot, na miaka ya 1960 akaongeza darubini. Kisha mwaka 1997 Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau wa Pittsburgh wakatoa taarifa ya wagonjwa 50 waliopasuliwa kwa endoskopu. Ufundi huu umepita mkono kwa mkono, mtu akisimama karibu na mtu.

Hata hapa nchini tunalo la kujifunza. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Badala ya kuwapasua wagonjwa mwenyewe na kuondoka, alimfundisha daktari msaidizi wa hapo, Emmanuel Mayegga, upasuaji wa ubongo wa msingi, naye Mayegga akaja kumfundisha mwingine. Haukuwa upasuaji wa pituitari, lakini somo ni lilelile: ujuzi unabaki pale mwalimu anaposimama mkabala na mwanafunzi.

Kwa hiyo usiogope hospitali ya kufundishia. Kijana anayejifunza akiwa na bingwa pembeni yake si hatari kwako. Anafungua njia, bingwa anachota pale penye hatari, na kila mwaka mpaka wa kazi ya kijana unasogea mbele. Cha kuogopa ni mtu anayejifunza peke yake, bila wa kumshika mkono, wala wa kuhesabu matokeo yake.

Maswali ya kuuliza

Mabingwa wazuri hawachukizwi na maswali. Wengi wetu tunaogopa tu kuanza. Waweza kusema: "Daktari, shikamoo. Nakuamini, ila naomba unieleweshe ili moyo wangu utulie." Kisha uliza:

1. Upasuaji wa namna hii umeufanya mara ngapi, na kwa mwaka mnafanya mingapi hapa?
2. Nani watakuwa chumbani? Kama kuna anayejifunza, nani atamsimamia?
3. Katika wagonjwa wenu, wangapi walivuja maji ya ubongo, na wangapi wanaendelea kumeza homoni?
4. Je, uvimbe huu unaweza kutibiwa kwa vidonge, au kusubiriwa?
5. Nikisubiri, macho yana muda gani?
6. Baada ya kuruhusiwa, nani atanifuatilia, na nikiwa kijijini usiku nikaona shida nimpigie nani?

Usitafute namba ya miujiza. Bingwa mwenye uzoefu mkubwa hupokea pia wagonjwa wagumu zaidi, hivyo matatizo kwake hayawezi kuwa sifuri. Unachotafuta ni daktari anayezijua hesabu zake na kukuambia bila kuzungukazunguka. Akisema, "Mimi nimefanya machache, ila nitakuwa na fulani aliyefanya mengi," hilo ni jibu zuri. Akisema, "Wewe niamini tu," unayo haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine.

Ila uzito wa swali la tano usiusahau. Kama macho yanapungua siku hadi siku, au kichwa kimepasuka maumivu ghafla na kuona kumezimika, hiyo ni dharura. Usikae nyumbani ukitafuta bingwa wa ndoto zako. Nenda hospitali iliyo karibu wakuanzishie matibabu na rufaa. Kwa sisi wa Migato na vijiji jirani, njia ni kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bariadi, kisha Bugando jijini Mwanza kwa kupitia Lamadi na Magu, na ikibidi Muhimbili. Beba barua ya rufaa, picha zote na majibu yote ya damu. Kama huna bima au fedha, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijaanza kukutisha.

Ukirudi nyumbani

Kazi nzuri ya bingwa inaweza kuharibika kijijini. Kwa wiki za mwanzo, au kwa muda utakaoambiwa, usipenge kamasi. Chafya ikija, fungua mdomo. Usibebe ndoo ya maji wala mzigo wa kuni, usiiname kulima, usijikamue chooni, na ugoro ukae mbali kabisa na pua.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona haya: maji meupe kama ya kisima yanadondoka puani, hasa ukiinama, au unasikia chumvichumvi kooni, homa na shingo kukakamaa, damu nyingi puani, kuona kupungua, kiu isiyokatika na mkojo mwingi usiku kucha, au kutapika, kulegea na kuchanganyikiwa. Dalili hizi za mwisho zinaweza kuja wiki moja baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani na ndugu wakisherehekea. Na ukipewa vidonge vya homoni, usiviache hata siku moja bila kuambiwa na daktari. Ukiugua homa au kutapika, mwambie kila mhudumu wa afya kwamba unavitumia. Andika kwenye karatasi, uiweke pamoja na kadi yako.

Jibu alilopewa mama

Yule mama alisafiri na binti yake hadi Dar es Salaam. Alinipigia simu jioni aliyokutana na bingwa. "Nimeuliza," akasema, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Bingwa hakukasirika. Alivuta kiti, akamweleza ni wangapi ameshawafanyia, akamtajia nani wengine watakuwepo, akamwambia pia kwamba miongoni mwa wagonjwa wake wapo waliovuja maji na wakarudishwa chumbani kuzibwa. "Aliponiambia hayo ya kuvuja," mama alisema, "ndipo nilipomwamini."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho la kulia limerudi kuona pembeni. La kushoto limerudi nusu tu, na sitegemei liongezeke sana, kwa sababu mshipa ulibanwa muda mrefu. Binti anameza vidonge vya homoni kila asubuhi na hedhi imeanza kwa msaada wa dawa. Amerudi shule, anakaa upande wa kushoto wa darasa ili wenzake na ubao wawe kulia kwake.

Ile nusu iliyopotea haikupotelea mikononi mwa bingwa. Ilipotea katika miezi tisa iliyofuata tangu siku nilipomsimamisha mbele ya chati ya herufi na kuridhika. Hilo ninalibeba mimi. Wewe mzazi unayesoma leo, jioni hii keti na mwanao, mtazamane, uchezeshe kidole chako pembeni.